Mjue Kambare wa Tangini Kabla ya Kuhama

Ndugu msomaji, katika baadhi ya nyumba za watumishi huku mwambao wa Tanganyika, tangu Rumonge hadi Nyanza-Lac, siku hizi utaona pambo ambalo wazee wetu hawakulijua: tangi la kioo sebuleni, na ndani yake samaki wa kutazamwa, si wa kuliwa. Wageni watokao milimani hucheka. Huuliza imekuwaje watu wenye ziwa zima nyuma ya nyumba wakawafungia samaki wachache ndani ya kioo na kuwalisha kwa zamu. Waache wacheke. Mtoto aliyeketi mbele ya tangi kwa saa nzima hajaenda kucheza barabarani, na baba aliyetoka lindo la usiku akakaa kutazama samaki akilinda mayai yake hupumzika vizuri zaidi kuliko aliyefungulia redio.

Lakini sisi tulio katika utumishi, awe mwanajeshi, polisi au karani wa komini kama mimi, tuna mgeni mmoja asiyebisha hodi, naye ni barua ya uhamisho. Barua ikifika Alhamisi, lori huja Jumatatu. Vitanda hupakiwa, masufuria hufungwa katika shuka, kuku hufungwa miguu. Tangi lililojaa maji halipakiki. Hapo ndipo mtu wa nyumbani, kwa nia njema kabisa, hutamka neno hili: "Tuwamwage ziwani tu, si ndiko kwao?"

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Si kila samaki wa tangini kwao ni ziwani. Na katika samaki wote, wanaowachanganya watu zaidi ni kambare, kwa kuwa kila kilicho na sharubu na kukaa chini ya maji watu hukiita kambare na kuishia hapo.

Mimi nilisomea ualimu, na ingawa kazi yangu leo ni majalada na mihuri, mazoea ya darasani hayajaniacha. Nikiona kiumbe hutaka kujua jina lake, na nikiambiwa jina huuliza limetokana na nini. Basi shemeji yangu, sajini wa polisi aliyekuwa akikaa hapa Kigwena, alipopewa uhamisho wa kwenda Gitega, nilikwenda kuwaaga. Nikamkuta binti yake mkubwa ameshika ndoo yenye samaki wanane, na dada yangu amekwisha kumwelekeza njia ya ufukweni.

"Ngoja kwanza, mwanangu," nikamwambia. "Hebu tuwaangalie hao."

"Lakini mjomba, muuzaji alisema wote ni watoto wa ziwa."

Muuzaji huyo, ambaye simtaji, alikuwa amewauzia samaki hao mjini kwa maneno matamu na bila karatasi yoyote. Tukawamimina katika beseni jeupe. Nakushauri nawe ufanye hivyo, maana katika beseni jeupe samaki hana pa kujificha, na kila alama ya mwili wake huonekana wazi.

Jambo la kwanza la kutazama ni ngozi. Watano kati yao walikuwa na ngozi laini, telezi, isiyo na gamba hata moja. Watatu walikuwa wamevaa deraya: vibamba vya mfupa vilivyopangwa safu kwa safu toka nyuma ya kichwa hadi mkiani, kama vigae vya paa. Kisha tukawageuza tukatazama mdomo. Wale watatu mdomo wao ulikuwa chini ya kichwa, mviringo, wa kunyonyea, wenye kushika kioo kama kikombe kilichobandikwa. Vibamba vya mfupa na mdomo wa namna hiyo vikikutana katika samaki mmoja, basi huyo ni wa jamii iitwayo kitaalamu Loricariidae, na jamii hiyo nzima asili yake ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Hakuna hata mmoja wao ambaye asili yake ni mto au ziwa la Afrika. Tahadhari moja tu: mdomo wa kunyonyea peke yake hautoshi. Mito ya Afrika ina kambare wadogo wa jenasi Chiloglanis ambao nao hujibandika juu ya mawe kwa mdomo, lakini ngozi yao ni laini, hawana deraya.

Katika wale watatu, wawili walikuwa na ajabu usoni. Dume alikuwa amechipuliwa na vinyama laini vyenye matawi juu ya pua yote, kama mizizi ya kitunguu. Jike alikuwa navyo vichache, vifupi, kwenye ukingo wa mdomo tu. Nilipomgusa dume shavuni kwa kijiti akatoa vijimiiba vilivyokuwa vimelala, kisha akavirudisha. Hawa ni wa jenasi Ancistrus, ambao Waingereza huwaita kwa jina lenye maana ya pua yenye nywele ngumu. Watoto wa dada yangu walikwisha kumpa dume jina la Babu Sharubu, na mimi naona linamfaa kuliko hilo la Waingereza, kwa sababu hizo nywele zenyewe si ngumu hata kidogo.

Kuhusu vinyama hivyo kuna maelezo yanayonipendeza sana. Dume wa Ancistrus ndiye mlezi. Jike hutaga katika pango au shimo la gogo na kwenda zake. Dume hubaki akiyapepea mayai kwa mapezi na kuyalinda hata watoto watoke. Mwaka 1999 wataalamu watatu, Sabaj, Armbruster na Page, walitoa rai kwamba vinyama vya puani hufanana na watoto wachanga, hivyo jike akimwona dume mwenye vingi humdhania kuwa ni baba ambaye amekwisha kulea, naye humwamini. Ni rai tu, lakini ni rai inayomfanya mtu amtazame Babu Sharubu kwa heshima.

Sasa msomaji ataniuliza: ni Ancistrus yupi? Hapa sharti tuwe wakweli. Spishi zilizopewa majina rasmi zinapita 70, na nyingi zinafanana kwa rangi. Yule wa kawaida wa madukani, wa kahawia mwenye vidoa vyeupe, au wa manjano aliyekosa rangi, amezalishwa matangini kizazi baada ya kizazi, na inawezekana damu yake ni mchanganyiko. Mto alikotoka babu yake umesahauliwa. Wajerumani walipozidiwa na kambare wa deraya wanaowasili bila majina, jarida lao la DATZ lilianza mwaka 1988 kuwapa namba zenye herufi L mbele, kama vile kituo cha polisi kinavyofungua jalada la mtu ambaye jina lake halijathibitika. Kwa hiyo mtu akikuonyesha Babu Sharubu wa dukani na kukutajia jina kamili la spishi bila kusita, mwulize ametoka mto gani. Akinyamaza, jina hilo lichukue kama uchukuavyo bei ya kwanza ya sokoni.

Wa tatu mwenye deraya alikuwa mdogo kuliko wote, urefu wa kidole, asiye na kinyama chochote puani. Watu wa nyumbani walimdhania mtoto wa wale wawili. Nikamtandaza pezi la mgongo kwa ncha ya kalamu, tukahesabu mihimili. Ancistrus huwa na mihimili laini ipatayo 7 au 8 katika pezi hilo. Huyu alikuwa na zaidi ya 10, na pezi lake lilisimama kama tanga la jahazi. Huyo ni Pterygoplichthys. Huuzwa akiwa mdogo kwa sifa ya kusafisha kioo, na mnunuzi haambiwi kwamba atakua hadi sentimita 40 au zaidi. Kwao Brazili watu humla, na tangi la sebuleni kwa samaki wa kimo hicho ni mahabusu.

Wakabaki watano wa ngozi laini. Hao nilipomshika mmoja kwa wavu akalia: krr, krr. Sauti hiyo huitoa kwa kusugua mwiba wa pezi la ubavuni katika tundu lake. Ni Synodontis, ambaye katika maziwa ya jirani wengi humwita gogogo. Ana sharubu mbili ndefu juu ya mdomo, na nne za chini zenye vitawi. Ana mwiba mgongoni na miwili ubavuni, yote yenye meno kama msumeno, kwa hiyo usimshike kwa mkono mtupu. Mvuvi yeyote wa Kigwena atakueleza maumivu yake.

"Basi hawa ndio wa kwetu, mjomba!" binti akafurahi.

Ni kweli, gogogo wa madoa ni wa ziwa hili. Lakini ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670, lina nchi nne kandokando yake, na samaki wa kaskazini si lazima awe samaki wa kusini. Wafanyabiashara wa samaki wa mapambo walilijua hilo zamani. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyeanza kusafirisha samaki hai kutoka Burundi mwaka 1971 na kuandika juu yao kitabu mwaka 1978 na kingine kikubwa mwaka 1989, aliwafikisha samaki wa mwambao wetu hadi katika sebule za Ulaya na Marekani. Huko wafugaji huandika jina la samaki pamoja na jina la mahali: wa Magara, wa Nyanza-Lac. Nimeona ajabu kwamba mfugaji wa Ujerumani ataitaja Magara bila kukosea, na sisi tunaoipita kwa basi tunasema tu "samaki wa ziwani".

Kwa gogogo jambo hilo lina historia yake. Boulenger alimpa mmoja jina la Synodontis multipunctatus mwaka 1898, maana yake mwenye madoa mengi. Mwaka 1959 Matthes akamwandika mwingine, Synodontis petricola, mkazi wa mawe. Kwa miaka mingi watu waliofuga gogogo mdogo mwenye madoa na mapezi yenye ukingo mweupe walimwita petricola, na wengine "petricola mfupi". Ndipo mwaka 2006 Jeremy Wright na Lawrence Page, huyo huyo Page wa vinyama vya puani, walipowapitia upya gogogo wote wa Tanganyika na kuongeza spishi tatu mpya. Mojawapo ni Synodontis lucipinnis, jina lenye maana ya mapezi yenye nuru, kwa kuwa kwenye shina la mapezi yake pana baka jeupe. Huyo ndiye kwa sehemu kubwa aliyekuwa akiuzwa duniani kote kwa jina la petricola, naye aliandikwa kutokana na samaki wa upande wa Mpulungu, Zambia, mwisho wa kusini wa ziwa. Wa pili ni Synodontis grandiops, mwenye macho makubwa, ambaye hapo awali alihesabiwa ndani ya multipunctatus. Kuwatenganisha hawa wawili huhitaji subira: kwa kawaida pezi la ubavuni la multipunctatus lina mihimili yenye matawi 8, la grandiops 7. Wa tatu, ilebrevis, amepewa jina kwa ufupi wa utumbo wake, na huyo hutamjua kwa kumtazama katika beseni.

Tukainama tukahesabu. Gogogo wawili walikuwa na macho makubwa na mihimili 8: multipunctatus. Tabia ya huyu inastahili makala yake peke yake. Mwaka 1986 Mjapani Tetsu Sato alieleza jinsi anavyoyapenyeza mayai yake kati ya mayai ya samaki wanaolea mdomoni. Mama huyo huyakusanya yote mdomoni mwake bila kujua. Watoto wa gogogo huanguliwa mapema, nao huwala watoto wa mwenye nyumba humo humo mdomoni. Wako ndege wenye hila ya namna hiyo, watagao katika kiota cha wengine, lakini kwa samaki ni jambo la nadra mno.

Watatu waliosalia walikuwa na baka jeupe kwenye shina la kila pezi. Kwa alama hiyo walikuwa lucipinnis, watu wa kusini, ambao hapa Kigwena ni wageni kama alivyo mgeni mtu wa Mpulungu aliyeshuka bandarini Rumonge.

Shemeji akaja akasimama juu yetu, mikono kiunoni. "Shemeji," akasema, "samaki wachache wa kidole wataharibu nini katika ziwa lenye kina cha mita 1,470?"

Ni swali la haki, na wengi huliuliza. Nikamkumbusha gugu maji. Nalo ni la Amerika ya Kusini, nalo lilisambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa ua lake, na kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limeziba bandari za Ziwa Victoria. Sangara, jamaa wa sangala wetu, alitiwa katika ziwa hilo hilo miaka ya 1950 na 1960. Faida yake ya fedha haikataliki, wala haikataliki kwamba aina nyingi za samaki wadogo wa kule zilitoweka. Na kuhusu kambare wa deraya wenyewe, iko habari ya bwawa la Infiernillo nchini Meksiko, lililokuwa na uvuvi mkubwa wa perege. Pterygoplichthys walipoingia na kuongezeka, wavuvi walivuta nyavu zilizojaa samaki wa miiba wasiouzika, na nyavu zikachanika. Samaki hao huchimba mashimo katika kingo, hutaga humo, hustahimili maji yenye hewa kidogo.

Wapo wasemao maji yetu yana chumvichumvi nyingi, kwamba samaki aliyezoea maji laini ya Amazoni hatapona. Si hoja ya kutegemea. Wafugaji wengi wa Ulaya humweka Babu Sharubu tangi moja na samaki wa Tanganyika, katika maji yaliyotengenezwa yawe kama ya ziwa hili, naye hula, hunenepa na huzaa. Chakula chake ni ukungu wa kijani wa juu ya mawe, nao ndio chakula cha samaki wengi wa mawe wa hapa.

"Na hawa wawili, multipunctatus?" dada akauliza. "Hao si wana haki ya kurudi?"

Nao hapana. Samaki aliyekaa mwaka mzima katika maji mamoja na wageni anaweza kuwa amebeba wadudu na magonjwa ambayo ndugu zake wa ziwani hawajayaona. Akishatoka ziwani, tangi ndilo kwao.

Kwenda nao Gitega kusingekuwa rahisi. Mji ule uko juu, yapata mita 1,500, usiku ni baridi, na samaki hawa hutaka maji ya nyuzi 24 na kuendelea. Pasipo kipasha maji na umeme wa kutegemewa watakufa. Anayehamia mahali penye joto anaweza kuwasafirisha. Asiwalishe siku mbili kabla ya safari, atie kila mmoja katika mfuko wa plastiki wenye maji theluthi na hewa theluthi mbili, na kwa hawa wenye miiba atumie mifuko miwili, gazeti likiwa katikati. (Hata gazeti hili, likishasomwa na wote nyumbani.)

Gogogo wote watano walichukuliwa na mwalimu jirani mwenye tangi kubwa. Babu Sharubu na mkewe nikawachukua mimi. Yule mdogo wa pezi la tanga hakupata mtu. Mmoja alisema ana kisima cha samaki karibu na ufuko, lakini sote tulikumbuka jinsi ziwa lilivyopanda miaka iliyopita, hasa mwaka 2024, likaingia katika nyumba na bandari ya Rumonge. Kisima cha ufukoni si kizuizi. Shemeji akaamua. Matone ya mafuta ya karafuu yaliyokorogwa katika maji kidogo humlaza samaki usingizi, na yakizidishwa haamki tena. Ndivyo ilivyofanyika, kisha akafukiwa nyuma ya jiko. Binti alilia sana, akanikasirikia, na alipopanda lori Jumatatu hakunipa mkono. Dada aliniomba radhi kwa niaba yake. Nilimwambia hana la kuombea radhi. Mtoto alikuwa akimlisha samaki yule kwa mkono wake tangu alipoletwa.

Mwezi uliopita alinipigia simu mwenyewe kutoka Gitega, akiuliza habari za Babu Sharubu. Nikamwambia amejifungia ndani ya kipande cha bomba la udongo na hataki kutoka hata kula, nyuma yake pana mayai ya rangi ya chungwa yaliyoshikana kama kishada. Akauliza ni mangapi. Nilikadiria 60. Majirani wawili wamekwisha kuomba watoto wake, na kila mmoja nitampa pamoja na karatasi ya kubandika kwenye kioo. Nimekwisha kuiandika: "Ancistrus, spishi haijathibitika. Amezaliwa tangini, Kigwena. Asili: Amerika ya Kusini. Asitiwe ziwani. Ukihama, mrudishe kwangu."